Mpira Uliofika kwa Mawe

Ninyi mliobaki uwanjani mmeniomba niwaandikie ninayoyajua kuhusu kuupeleka mpira wa gofu mbali, maana mimi nimekwisha kukabidhi mundu na gogo langu la kulazia ardhi, na magoti nayo yamenikabidhi kwa kiti. Vyeo sitavitaja. Nilipewa vitatu, na katika vyote vitatu nilikata nyasi zile zile. Nitawaeleza mwanzo wa kazi, miaka ile Wajerumani walipoondoka Karagwe na Waingereza wakaingia. Yote niliyowafundisha kwa mikono niliyapata pale. Lipo pia jambo moja ambalo sikuwahi kuwafundisha, nalo nililipata pale pale.

Bwana wetu wa kwanza alifika kijijini kwetu Bugene na wapagazi kumi na wawili. Mmoja wao alibeba mfuko mrefu wa ngozi, na ndani yake zikatoka fimbo saba zenye vichwa. Tuliokuwa tumesimama kando tulizihesabu zile fimbo, kisha tukafikiria migongo yetu. Siku ya pili alitoka nazo asubuhi, akaweka kidude cheupe chini, akakipiga, akakifuata, akakipiga tena. Watu wakarudi mashambani wakisema Mungu ametuokoa, Mzungu huyu ana ugomvi na yai. Wakampa jina la Bwana Rungu, na jina halisi sikulijua hadi alipoondoka.

Wakati huo nilikuwa mtu mzima, nina mke na ndevu, nikijifunza useremala kwa Mzee Mabruki. Mzee alikuwa Mwislamu mwenye asili ya pwani. Alikuja Karagwe na misafara ya biashara, akafungua duka, na nyuma ya duka akachonga mipini ya majembe na milango. Kiswahili changu ni yeye aliyenipa, pamoja na msumeno. Alikuwa na tabia ya kunifanya nirudie neno mara tatu kabla hajanipa ninachokitaka, hata kama ni msumari mmoja.

Bwana Rungu alipasua kichwa cha fimbo yake kubwa, ile ya pigo la kwanza, lile linalotakiwa kwenda mbali kuliko yote. Akamwita Mzee. Mzee akaigeuza, akainusa, akanipa mimi. "Huu ni mpini wa jembe uliosoma," akasema. "Utautengeneza."

Nilichonga kichwa kipya kwa mti ule ule mgumu tunaoutumia kwa mipini. Mzee akayeyusha risasi zilizookotwa porini baada ya vita, akanionyesha namna ya kuzimimina kwenye tundu nyuma ya kichwa ili kiwe na uzito. Mpini niliukwangua kwa kigae cha chupa, kidogo kidogo, mpaka ukawa unanyumbuka karibu na kichwa badala ya katikati. Kumbukeni hilo. Fimbo inayonyumbuka katikati humchosha mpigaji, na fimbo isiyonyumbuka kabisa huvunja vidole vyake.

Bwana aliijaribu mara tatu, akanitazama. "Wewe fanya kazi hapa," akasema. "Hapana beba mzigo."

Maneno hayo matatu ya mwisho ndiyo yaliyonishika. Katunzi, kaka yangu, alichukuliwa kubeba mizigo ya vita, na hata leo hakuna aliyetuambia alilala wapi. Kila alipopita jumbe wa serikali na orodha ya wapagazi, wanaume wa Bugene walikuwa wagonjwa ghafla. Mimi sasa nilikuwa na mundu wa kukatia nyasi za uwanja wake, na mundu ule ulikuwa kinga yangu. Niliupenda kwa hofu, na sioni haya kulisema. Haya yangu iko mbele.

Nikaanza kumtazama Bwana akipiga. Kosa lake la kwanza lilikuwa kulikata pigo kama apasuaye kuni. Mpira ulipanda juu, ukazunguka, ukaanguka na kukaa hapo hapo kama embe bovu. Siku nyingi sikuthubutu kusema. Mwishowe nikachukua ufagio wa uwanja, nikafagia mbele yake kwa mkono mrefu, chini chini, na kumaliza mbali. "Fagia, bwana," nikamwambia. "Usikate." Akakasirika hadi masikio yakawa mekundu. Kesho yake akafagia.

Kosa la pili lilikuwa kilima chake. Siku zile mpira uliinuliwa kwa udongo mbichi, si kijiti, na yeye alitaka kilima kirefu kama tonge la ugali. Nikakipunguza kila asubuhi kiasi cha unene wa ukucha, bila kumwambia, mpaka mpira ukawa unaondoka chini na kutua huku bado una haraka. La tatu ni baridi. Asubuhi za kwetu zina ukungu, na mpira baridi ni mzito wa moyo. Niliiweka mipira tumboni, ndani ya shuka, tangu alfajiri. Aliyeniona alidhani naumwa, tena nilitumia udhuru huo jumbe alipopita.

Lakini kazi kubwa ilikuwa ardhi, kwa sababu mpira hewani ni wa Bwana na mpira chini ni wa mtunza uwanja. Nilipitisha mbuzi kwanza, kisha mundu, kisha gogo zito nikalikokota wakati umande bado haujakauka ili ardhi ikubali kulala. Halafu jua lilipoichoma ikawa ngumu kama sakafu. Nyasi nilizilaza kuelekea mbele. Zikilala mbele mpira huteleza. Zikilala nyuma, huukamata kama mtu anayemdai mwenzake.

Kila Jumamosi nilihesabu hatua. Mwanzo mpira ulikufa kwenye hatua mia na hamsini. Kisha mia na sabini. Kisha ukafika kwenye kichuguu kilichokuwa upande wa kushoto, na Bwana akanipa mkono wake niushike. Nilikwenda nyumbani nikijiona mtu mkubwa.

Ng'ambo ya kichuguu uwanja ulikwisha kwenye ukanda wa ardhi iliyofagiliwa, na baada ya ukanda ilianza migomba. Ukanda na migomba vilikuwa vya mama yangu. Kwetu Karagwe mtu humwita mama yake mzazi "mawe". Ninyi mliokulia Kiswahili mtacheka, lakini mimi wakati ule nilijua "jiwe" tu, lile la kunolea patasi, na sikuwahi kuhitaji mawili. Mawe kwangu alikuwa mtu mmoja, mjane, aliyeanika maharage kwenye ule ukanda na kumlinda marehemu baba aliyezikwa kati ya migomba. Kwetu kibanja, yaani nyumba na migomba yake, si shamba tu. Ukimtoa mtu kwenye kibanja umemtoa kwa wafu wake.

Asubuhi moja mpira ulikipita kichuguu, ukaendelea, ukasimama hatua nane kutoka ukanda wa mama. Nilianza kushangilia. Kisha nilitazama ile nafasi ya hatua nane nikaona kwamba nimekuwa nikiisogeza mwenyewe, kwa mundu wangu na gogo langu, juma baada ya juma.

Bwana alikuja akasimama kando yangu, akijipangusa jasho. Alikuwa akimngoja mgeni, rafiki yake wa Bukoba, ambaye alibishana naye miaka mingi nani kati yao apigaye mbali zaidi. Walikubaliana kushindana Jumamosi. Akaelekeza fimbo kwenye ukanda.

"Kamugisha, mbele ya migomba iko nini?"

"Pale ni kwa mawe, bwana."

"Mawe?" Uso ukamkunjamana. "Mawe mingi?"

Nilidhani anauliza kama baba alioa wake wengi. "Ni mmoja tu, bwana."

"Kubwa?"

"Ni mkubwa, bwana. Yuko pale kabla mimi sijazaliwa."

Akatikisa kichwa. "Hapana zuri. Mpira gonga, mpira potea. Ondoa. Jumamosi kabla."

Nikaikumbatia mipira ndani ya shuka. "Na nyumba, bwana?"

"Nyumba acha. Mawe tu."

"Nimpeleke wapi?"

"Tupa bondeni," akasema, na akaanza kufuta kichwa cha fimbo kwa kitambaa.

Ningeweza kuondoka hapo. Nikauliza neno moja zaidi, na ndilo lililonimaliza. "Akikataa, bwana?"

Akacheka, akanipiga bega. "Ikikataa ita watu kumi. Na kamba."

Nikasema, "Ndiyo, bwana."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Mabruki. Nilimkuta ananoa randa. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba. Una nini?" Nami kwa Mzee nilikuwa na desturi ya kusema Kiswahili chake safi, kwa kuwa angenirudishia neno nikilichafua. Nikamwambia: "Bwana ameamuru mama ahame kabla ya Jumamosi. Akikataa afungwe kamba na watu kumi."

Nilisema "mama". Laiti ningelichafua neno siku ile nikasema "mawe", Mzee angelinirudishia, na habari ingeishia pale dukani.

Mzee aliacha kunoa. "Bwana yupi? Huyu huyu aliyeshuka farasi asimkanyage mbuzi wako?"

"Huyu huyu."

"Alikuwa amelewa?"

"Alikuwa anafuta fimbo."

Akafikiri. "Rudi ukamuulize tena. Kuuliza si ujinga. Amri ya namna hiyo mtu haibebi kabla hajaisikia mara mbili." Alipoona sisogei akachukua kofia yake. "Twende wote, nitasema mimi."

Nikamkatalia. Nilimwambia nitakwenda mwenyewe jioni, na nilijua sitakwenda. Niliona wazi itakavyokuwa: nimesimama na mzee wa pwani mbele ya Bwana kama mshitaki, Bwana anasema basi, mundu uache, na kesho yake jumbe anapita na orodha. Nilimwona Katunzi na mzigo kichwani. Hofu ile iliniambia kwamba mama ana kaka yake katika kijiji cha Ndama, atapokelewa, na kwamba kuhama si kufa. Hofu ina maneno mazuri sana, vijana wangu, kuliko busara.

Nilimkuta mama anapalilia, muhoro wake wa kukatia migomba kiunoni. Nilimwamkia, nikasimama. Niliyasema yote haraka, nikitazama shina la mgomba.

"Amesema yeye, kwa kinywa chake?" akauliza.

"Kwa kinywa chake."

"Na nyumba?"

"Nyumba haitaki. Anataka uondoke tu."

Alishangaa kidogo, kama mtu aliyesikia hesabu isiyokwisha sawa. Kisha akauliza, "Nawe unasemaje?"

Lilikuwa swali jepesi. Nilikuwa na siku nne za kulijibu. Nikamwambia Bwana ni mkali na mimi nina mke.

Hakulia. Aliondoa majani makavu juu ya kaburi la baba, akayaweka upande. Siku ya Alhamisi alichukua jembe, kikapu na chungu kimoja, akaenda Ndama kwa miguu. Watu waliuliza nani mgonjwa huko, naye akawajibu kwamba hakuna mgonjwa. Sikumsindikiza. Nilikuwa na uwanja wa kukata.

Na niliukata. Hili ndilo gumu kuliandika kuliko yote. Ijumaa ile nilifanya kazi ambayo sijaifanya tena mpaka nilipostaafu. Nililaza nyasi kama nachana nywele za bibi harusi, nikapitisha gogo mara nne, nikaokota kila kijiti mpaka kwenye ukanda wenyewe, uliokuwa umefagiliwa na mama kabla hajaondoka. Nilijiambia kwamba ikiwa nimelipa bei ile, basi mpira ufike.

Jumamosi mgeni akaja. Alikuwa mwembamba, mtaratibu, amekaa pwani miaka mingi, na alinisalimia kwa Kiswahili kilichonifanya nimgeukie mara mbili. Upepo ulikuwa mgongoni kwao. Kila mmoja pigo moja. Mgeni akapiga kwanza. Mpira wake ukapanda vizuri, ukatua, ukakimbia kidogo na kusimama usawa wa kichuguu. Bwana akanyoosha mkono. Nikautoa mpira tumboni, wa moto, nikautengenezea kilima cha unene wa kidole.

Akafagia.

Ulitoka chini, haukupita kimo cha migomba michanga. Ulitua mbele ya kichuguu, ukaruka mara moja, mara ya pili, kisha ukaanza ile kazi ninayoijua mimi. Ukakipita kichuguu. Ukaingia kwenye ukanda, ukapita palipokuwa panaanikwa maharage, ukazidi kupunguza mwendo, ukasimama mkono mmoja kutoka mgomba wa kwanza. Bwana akapiga kelele kama mtoto. Mimi, niliyekuwa nikiuota mpira huo mwaka mzima, niliutazama nikatamani ardhi yote ile iote miiba.

Tulitembea hadi pale. Bwana akatazama ukanda huku na huku, akaridhika. "Safi sana. Mawe iko wapi?"

"Amekwenda Ndama, bwana."

"Ndama? Ndama mbali. Nani beba?"

"Hakubebwa, bwana. Amekwenda kwa miguu yake. Hakukataa, kamba hazikuhitajika."

Mgeni alikuwa ameinama kuutazama mpira. Akainuka polepole. Akacheka mara moja, kisha akauona uso wangu na kicheko kikamkatikia. "Kijana," akaniuliza, "mawe kwa lugha ya kwenu ni nini?"

"Ni mama aliyenizaa, bwana."

Akamgeukia mwenzake, akasema naye kwa Kiingereza. Nilimwona Bwana akitazama nyumba yenye mlango uliofungwa, kisha akitazama mikono yake. Wekundu ulianzia shingoni. Mgeni akachukua kijiwe kidogo pembeni mwa kichuguu, akakiweka kiganjani, akaokota cha pili. "Hili ni jiwe," akaniambia. "Na haya?"

Ndipo nilipoelewa.

"Rudisha," Bwana akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Leo. Sasa. Shamba yake, mimi hapana taka. Mimi taka jiwe tu." Akarudia mara ya pili, "Jiwe tu," kama mtu anayeomba aaminiwe.

Nilikimbia hadi Ndama. Njiani nilikuwa na furaha, nakiri hilo, furaha ya mpumbavu aliyeokoka. Nilikuwa nikiipanga hadithi ili imchekeshe mama. Nilimkuta kwa kaka yake, kwenye ua, anamenya ndizi, na mjomba ameketi kando. Nikaanza kueleza nikihema: kwamba kwa Kiswahili mawe ni kile tunachokiita amabale, kwamba Mzungu aliogopa mpira wake ugonge jiwe, kwamba hakuwahi kumtaja mtu. Mjomba alicheka akakohoa, akajipiga mapaja, akaniomba nirudie sehemu ya kamba.

Mama hakucheka. Alimaliza ndizi aliyokuwa nayo, akachukua nyingine.

"Kwa hiyo yeye alisema amabale," akasema.

"Ndiyo, mawe."

"Nawe ukasikia ni mimi."

"Ndiyo."

"Ukasikia nitupwe bondeni. Ukasikia nifungwe kamba."

Mjomba aliacha kucheka. Nikasema ndiyo.

"Ukamjibu nini?"

Uongo ungepatikana. Nilikitazama kisu chake kikishuka kwenye ganda, nikashindwa. "Nilimjibu ndiyo, bwana."

"Basi Mzungu hana kosa na mimi," akasema. "Kamwambie asijisumbue."

Hakurudi siku ile, wala juma lile. Bwana aliuliza kila asubuhi, na mara mbili alinituma na sukari, na mara mbili sukari ikabaki kwa mjomba. Mwenyewe alihamisha mahali pa kupigia, akageuza uwanja wote uelekee upande wa pili, na hakupata tena umbali ule, wala hakulalamika. Mundu hakuninyang'anya. Jumbe alipita na orodha bila jina langu, na nilisikia afueni kidogo mno kuliko nilivyotarajia.

Mama alirudi maharage yalipokuwa tayari kung'olewa, kwa sababu ya kaburi la baba. Hakunificha kwamba sababu ni hiyo. Nilikwenda kumchukua Ndama, nikaliomba jembe, akasema ni jepesi. Nikaomba kikapu, akakiweka kichwani mwenyewe. Nikaomba basi hata chungu. Akakitia chini ya kwapa, akashika njia. Tulitembea hadi Bugene, yeye mbele na mizigo yake yote mitatu, mimi nyuma yake mikono mitupu, na wote tuliokutana nao njiani walitazama.